Mashine ya Saa Tatu na Karai la Dakika Kumi

  Wahariri wa jarida letu waliponiomba makala ya kuelimisha, wenzangu walikuwa wameshanyakua mambo makubwa makubwa: mazingira, dawa za kulevya, methali na maana zake. Mimi nikabaki na kuosha vyombo. Tafadhali usicheke kwanza. Jambo hili limenipa aibu na funzo kwa wakati mmoja, na ukinifuata hadi mwisho utaona linakuhusu wewe pia, maadamu una sahani.

Yote yalianza likizo ya Aprili. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alifanya kazi miaka mingi katika jikoni ya hoteli kule Mombasa. Siku hizi yuko Ujerumani, anawatunza wazee. Usiku mmoja alitupigia simu, na nyuma ya sauti yake nikasikia kitu kikivuma shuuu, shuuu kama mvua juu ya mabati. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Ni mashine ya kuosha vyombo. Nimeiwasha sasa hivi, itamaliza saa tatu."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili unusu. Nikamwambia, "Nusu saa tu? Si mbaya, mama."

Alicheka hadi nikaona haya. "La, mwanangu. Sisemi saa tatu ya usiku. Ni muda wa saa tatu! Itakapomaliza nitakuwa nimelala fofofo."

Wanachama wa chama cha Kiswahili, hapo mwaona jinsi lugha yetu inavyoweza kumpoteza mtu akikosa kusema "muda wa". Lakini tuyaache hayo. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita susu, alikuwa karibu na meko akaniuliza tunacheka nini. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Saa tatu? Hiyo inaosha sahani au inazifinyanga upya?" Susu huosha vyombo vya watu wanane kwa karai mbili, na uji haujapoa.

Swali lake lilinikaa moyoni. Kwani Wazungu, waliotengeneza ndege, wameshindwa kutengeneza mashine ya kuosha sahani upesi? Tena Mama mdogo aliniambia kitu kilichonichanganya zaidi: kule hotelini Mombasa walikuwa na mashine iliyoosha treya nzima ya sahani kwa dakika mbili hivi. Mashine ni mashine. Mbona moja imalize kwa dakika mbili na nyingine saa tatu?

Kabla sijajibu, ni lazima nikiri kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nilitafute jibu kwa bidii.

Mimi ni kiranja wa bwalo. Nilipochaguliwa, wanafunzi walikuwa na dakika 25 za kuosha sahani na vikombe baada ya chakula cha jioni kabla ya prepu. Watahiniwa wakalalamika kwamba wanapoteza wakati. Mimi nami, nikitaka sifa, nikatangaza kwamba dakika 10 zatosha. Karai moja kubwa likawekwa pale nje, kila mtu anachovya, anazungusha mkono mara mbili, anakimbia. Nilishangiliwa kama mbunge. Hiyo ilikuwa mwezi wa Septemba, msimu wa kiangazi, wakati matangi yetu huwa yamekaribia kukauka. Maji ya karai moja yalihudumia darasa zima, na wa mwisho walikuwa wakiosha kwa mchuzi wa wa kwanza.

Wiki ya pili, wenzetu kadhaa waliendesha. Rafiki yangu mmoja wa dawati alilala hospitalini siku mbili na akakosa mitihani ya majaribio. Muuguzi hakutuambia kwamba ni sahani, nami siwezi kuapa kwamba ndizo. Lakini nilipokishika kikombe changu usiku ule na kukisikia kinateleza mafuta, nilijua moyoni mwangu kwamba nilikuwa nimewapa watu dakika 15 ambazo hazikuwa zangu kuzitoa.

Basi sasa tujibu swali la susu.

Kuna mkemia mmoja Mjerumani, Herbert Sinner, ambaye karibu na mwaka wa 1960 alieleza kwamba kusafisha kitu chochote kunategemea mambo manne. La kwanza ni nguvu, yaani kusugua au kurusha maji kwa kasi. La pili ni dawa, yaani sabuni au chochote kinachoyeyusha uchafu. La tatu ni joto. La nne ni muda. Alichora mambo haya kama duara lililogawanywa vipande vinne. Ukikipunguza kipande kimoja, hauna budi kuongeza kingine ili duara libaki kamili. Usipofanya hivyo, uchafu utabaki. Hakuna ujanja mwingine.

Mambo haya hata susu anayajua, ingawa hajawahi kuyachora. Chukua sufuria iliyopikiwa ugali, ile yenye ukoko umeshika chini kama saruji. Ukiianza papo hapo, utasugua kwa waya mpaka mabega yaume. Ukiitia maji na kuiacha, ukoko unafura, unalegea, unatoka wenyewe kama ngozi ya kidonda kilichopona. Umepunguza nguvu, umeongeza muda. Hali kadhalika majivu. Wazee wetu walisugua vyungu na masufuria kwa majivu na mchanga. Mchanga ni nguvu. Majivu ni dawa, kwa kuwa yana chumvi za potasiamu ambazo zikikutana na maji hugeuka kuwa kitu kikali kama magadi, na hicho hukata mafuta.

Likizo hiyo nilifanya jaribio dogo. Nilichukua sufuria mbili zilizopikiwa ugali siku moja. Ya kwanza niliiosha mara moja: dakika 14 na lita sita za maji, na bado kulikuwa na madoa. Ya pili niliiloweka nusu saa huku nikichota kuni, kisha nikaiosha: dakika tatu na lita mbili tu. Ukihesabu kwa saa, ya pili ilichukua muda mrefu zaidi. Ukihesabu kwa jasho na maji, ilikuwa rahisi mara tatu. Tafadhali likumbuke hilo, kwani ndiyo siri yote ya mashine ya Ujerumani.

Sasa tuifungue hiyo mashine. Ni sanduku la chuma lenye treya mbili au tatu ndani. Chini ya kila treya kuna mkono wenye matundu unaozunguka na kurusha maji juu. Maji hayo hayamwagwi kila mara. Yanateremka chini, yanachujwa, pampu inayasukuma tena. Yaani maji yale yale huzunguka mamia ya mara. Kwanza vyombo husuuzwa, halafu huoshwa kwa sabuni na maji ya moto, halafu husuuzwa tena, na mwishowe hukauka. Suuza ya mwisho huwa ya moto ili sahani zibaki na joto la kujikausha zenyewe, na ukaukaji huo peke yake hula muda mrefu.

Wazo la mashine hii si la jana. Mwaka wa 1850 Mmarekani Joel Houghton alipata hataza ya chombo cha mbao kilichozungushwa kwa mkono na kurushia vyombo maji, lakini hakikufanya kazi vizuri. Aliyefaulu ni mama mmoja, Josephine Cochrane wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, aliyepata hataza yake tarehe 28 Desemba 1886. Mwaka wa 1893 mashine yake ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Wateja wake wa kwanza walikuwa hoteli na mikahawa, si akina mama wa nyumbani. Wasichana wenzangu, mwaona? Ubunifu si wa wavulana peke yao.

Je, mbona ya hoteli huwa na kasi? Rudi kwa duara la Bwana Sinner. Mashine ya hoteli imepunguza kipande cha muda hadi kikawa chembamba kama ukucha, kwa hiyo vile vingine vitatu imevinenepesha. Ina tangi la maji ya moto linalokaa tayari mchana kutwa, hivyo haingojei kuchemsha. Sabuni yake ni kali, haishikwi kwa mikono mitupu. Maji yake ya kusuuzia hufika nyuzi 82 hivi za Selsiasi, joto la kuua vijidudu. Tena, Mama mdogo alinikumbusha kwa uchungu kidogo, kabla sahani hazijaingia, kulikuwa na mtu aliyesimama pale akizikwangua na kuzirushia maji kwa mpira. Mtu huyo alikuwa yeye. Kumbe zile dakika mbili hazikuwa dakika mbili! Nyingine zilikuwa mikononi mwake.

Ya nyumbani haina tangi la moto wala mtu wa kuisaidia. Kule Ulaya, mara nyingi huvuta maji baridi na kuyapasha yenyewe. Hapa Fizikia yetu inafaa. Tuseme mashine imevuta lita 4 za maji yenye nyuzi 20, na kipashio chake kina nguvu ya wati 2,000. Kila kilo ya maji hutaka jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja. Kuyafikisha nyuzi 65 ni 4 mara 4,200 mara 45, yaani jouli 756,000. Gawanya kwa 2,000, unapata sekunde 378, kama dakika sita. Haya basi, dakika sita tu! Hata ukiongeza joto la sahani zenyewe na chuma cha sanduku, hujafika saa tatu. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mashine inachelewa kwa sababu inachemsha maji amekupa kipande tu cha jibu.

Jibu lenyewe ni hili: joto ni ghali, kuzungusha maji ni rahisi. Sehemu kubwa ya umeme wa mashine hiyo huliwa na kipashio. Tukiyaacha maji yetu kwenye nyuzi 50 badala ya 65, tunaokoa jouli 252,000 katika maji hayo peke yake, mbali na vyombo. Tuseme pampu ina wati 50. Ikizunguka saa nzima zaidi, inakula jouli 180,000 tu. Waona? Ni nafuu kurusha maji ya uvuguvugu kwa saa moja zaidi kuliko kuyapandisha nyuzi 15. Ndiyo maana mashine za siku hizi zina programu ya kubana matumizi: joto limepungua, maji yamepungua, na muda umeongezwa ili duara lijae. Tangu Machi 2021, lebo ya mashine hizo katika Umoja wa Ulaya huonyesha umeme, lita za maji na pia muda wa programu hiyo. Muda wa saa tatu au zaidi si ajabu, na maji hukaribia lita 10 tu kwa vyombo vya watu kumi na zaidi.

Kuna na jambo la sabuni. Zamani sabuni za mashine zilitiwa fosfeti kwa wingi. Zilisafisha vizuri, lakini zikiingia mitoni na maziwani huotesha mwani mpaka samaki wanakosa hewa. Majimbo mengi ya Marekani yalizizuia mwaka wa 2010, na Umoja wa Ulaya ukazibana mwaka wa 2017. Siku hizi sabuni hutegemea sana vimeng'enya, vile vile tunavyovisoma katika Biolojia. Kimoja hukatakata protini kama ya yai, kingine hukatakata wanga kama wa ugali wetu. Vimeng'enya havipendi joto kali mno, na havipendi kuharakishwa. Ni kama mchwa. Vitaula mlango wote, ila uvipe nafasi.

Msidhani kila mtu amekubali kungoja. Huko Marekani watu walinung'unika hadi serikali yao ikatunga kanuni mwaka wa 2020 kuhusu aina ya mashine zinazomaliza kwa saa moja au chini yake. Serikali iliyofuata ikaifuta mwaka wa 2022, na Januari 2024 mahakama moja ya rufani ikasema ufutaji ule ulikuwa wa kiholela. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kumbe hata taifa kubwa hugombania dakika za kuosha sahani, sawa na mabweni yetu!

Sasa msomaji ataniuliza, "Je, hiyo mashine ingetufaa hapa?" Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, wakiongozwa na Profesa Rainer Stamminger, waliwapa watu 113 kutoka nchi kadhaa za Ulaya vyombo vya watu 12 waoshe kwa mikono. Kwa wastani walitumia lita zipatazo 100, kwani wengi waliacha mfereji unatiririka. Mbele ya watu hao mashine ni bingwa wa kubana maji. Lakini mbele ya susu, sina hakika. Yeye hajawahi kuacha mfereji unatiririka, kwa sababu mfereji wenyewe hana. Maji yake hutoka kwenye mchanga wa mto. Nyie mnajua. Mvua yetu ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, na mvua ikiisha, mto unabaki mchanga mtupu juu, maji chini. Ndiyo maana vikundi vingi vya Makueni na Kitui vimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha humo jua lisiyanyonye. Ukichimba shimo, unangoja. Maji huja taratibu. Ukiyavuruga kwa pupa, unachota tope. Mtungi wa lita 20 kwa susu si namba, ni mgongo wake.

Kwa hiyo hatuhitaji mashine. Tunahitaji akili ya mashine. Nami muhula huu, kwa idhini ya mwalimu wa zamu, nimebadilisha utaratibu wa bwalo hivi:

Kwanza, kila mtu anakwangua makombo kwenye ndoo ya nguruwe kabla ya kugusa maji. Mafuta na wali havina kazi ndani ya karai.

Pili, sahani zinalowekwa dakika tano, katika maji yenye sabuni, wakati matangazo ya jioni yanasomwa. Hizo dakika tulikuwa nazo siku zote, tulizipoteza tu kwa kusimama.

Tatu, karai ni tatu: la kuoshea, la kusuuzia, na la mwisho la maji safi. Maji ya karai la tatu yakichafuka kidogo hayamwagwi, yanahamia la pili. La pili linahamia la kwanza. La kwanza ndilo linalomwagwa, na linamwagwa kwenye migomba. Maji ni yale yale ya zamani, ila sasa yanafanya kazi mara tatu.

Nne, hakuna kupangusa sahani kwa sweta wala kitambaa. Zinainamishwa kwenye kichanja, zijikaushe. Asubuhi jua linazimalizia bure, bila wati hata moja.

Muda wote ni dakika 25, kama zamani. Ndiyo, nimezirudisha. Watahiniwa wengine bado wananinunia, na mmoja aliniambia nimekuwa mzee kabla ya siku zangu. Namjibu kwa upole kwamba dakika 15 nilizomwibia kwenye sahani, rafiki yangu wa dawati alizilipa kwa siku mbili za kitanda. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na Bwana Sinner akachora duara kusema hayo hayo.

Juzi nilimweleza susu yote, kuanzia vimeng'enya hadi jouli. Alisikiliza akichambua kunde, kisha akasema, "Basi hiyo mashine inaloweka." Nikamwambia ndiyo, susu, kazi yake kubwa ni kuloweka na kurusharusha. Akatikisa kichwa, akaridhika. "Sasa nimeielewa. Mwambie mama yako mdogo ailaze na usiku, asubuhi ataikuta imemaliza."

Nami nawaambia ninyi: usiku mwema, na tukutane kwenye karai.